Mwalimu wa tuisheni: Tumtafute anayemsikiliza mtoto

KILA yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, simu za walimu hazinyamazi. Mzazi ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kukanyaga shuleni kwa mtoto wake anagutuka kwamba kijana amepata F ya Hisabati na mwaka ujao ni Kidato cha Nne. Swali lake huwa moja tu: "Mwalimu, huna mtu wa kumpa huyu tuisheni?" Haulizi kijana amekwama wapi. Haulizi huyo mtu atakayeletwa ni nani, anafundishaje, na kwa nini mtoto wa jirani alisoma tuisheni miaka miwili na bado akapata sifuri. Anachotaka ni kumuona mtoto akitoka nyumbani jioni na daftari mkononi, roho itulie.

Kwa hakika hatuwezi kumlaumu sana mzazi huyu. Anajua darasa la mwanawe limejaa na mwalimu hana namna ya kumfikia kila mmoja. Anakumbuka pia matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka serikali ikaamuru yapangwe upya. Hofu ile haijawatoka watu. Na Hisabati imebaki kuwa kidonda: hata katika mtihani wa mwaka 2023, kati ya kila watahiniwa wanne wa somo hilo Kidato cha Nne, aliyefaulu alikuwa kama mmoja tu.

Kwa hiyo tuisheni inatafutwa, na itaendelea kutafutwa. Wapo waliojaribu kuizima kwa sheria. Korea ya Kusini iliipiga marufuku mwaka 1980, na mwaka 2000 Mahakama yao ya Katiba ikaitengua marufuku hiyo. China ilizifungia kampuni za biashara hiyo Julai 2021. Majirani zetu wa Kenya waliweka katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kifungu kinachokataza tuisheni za likizo. Kote huko wazazi wameendelea kuwatafuta walimu, wengine kwa kificho na kwa bei kubwa zaidi. Basi ndugu msomaji, tuache kubishana kama tuisheni iwepo au isiwepo. Tuulize ni tuisheni ipi, na ya nani.

Kituo chenye watoto mia

Katika miji yetu, tuisheni kwa watu wengi maana yake ni kituo. Banda la mabati, mabenchi, ubao mkubwa, na mwalimu hodari wa maneno anayejulikana mtaa mzima kwa jina la utani. Anaandika swali la mtihani uliopita, analitatua kwa kasi ya ajabu, anatia mzaha kidogo, watoto wanacheka na kunakili. Saa mbili zimekwisha, linaingia kundi jingine.

Sisemi kwamba vituo hivi havina faida. Mtoto ambaye tayari anaelewa somo, anayehitaji mazoezi tu na kuzoea namna maswali yanavyoulizwa, atafaidika sana na huenda akaongeza alama. Lakini yule aliyepotea je? Yule ambaye mwalimu akisema "hapa tunahamisha upande wa pili" hajui kinahamishwa nini na kwa nini? Huyo ametoka katika darasa la watoto wengi asikoulizwa kitu, akaingia katika banda la watoto wengi zaidi asikoulizwa kitu. Tofauti ni kwamba hapa amelipa kiingilio. Baada ya miezi sita ana madaftari matatu yaliyojaa majibu sahihi ya mtu mwingine.

Na kibaya zaidi ni anachojifunza kuhusu nafsi yake. Shuleni aliweza kujiambia kwamba mwalimu hafundishi vizuri. Sasa kapelekwa kwa bingwa, wenzake wanaitikia "ndiyo", yeye bado yuko gizani. Anahitimisha kwamba yeye ndiye mbovu. Watoto wa siku hizi wana neno lao, "kilaza", na mtoto akishalikubali neno hilo juu yake mwenyewe, kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kufundisha aljebra yenyewe.

Kwanza tujue amekwama wapi

Kabla ya kutafuta mwalimu, mzazi atafute maradhi. Aanze na mambo mepesi: macho na masikio. Wapo watoto walioitwa wazito miaka mingi kumbe hawaoni ubaoni, na miwani ikamaliza tatizo ambalo tuisheni ya mwaka mzima isingelimaliza. Kisha aketi na madaftari ya mtoto. Haihitaji mzazi awe msomi. Apekue kurudi nyuma, mwezi hadi mwezi, aone tiki zilianza kupungua lini. Pale zilipoanza kupungua ndipo mlango wa tatizo ulipo, na mara nyingi hauko karibu na mahali mtoto analalamikia.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu bila mfano maneno haya yatapita hewani. Mtoto wa Kidato cha Pili anasema haelewi aljebra. Mpe swali la darasa la tano: nusu jumlisha theluthi. Anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Huyu tatizo lake si aljebra hata kidogo. Alipotea kwenye sehemu miaka mitatu iliyopita, na kila kilichojengwa juu yake kimejengwa hewani.

Sasa waangalie walimu wawili. Wa kwanza anasema: "Umekosea, tafuta KDS, asili ni 6, jibu ni 5/6, andika." Mtoto anaandika. Kesho ukimpa 1/4 + 1/5 atakupa 2/9.

Wa pili hasemi umekosea. Anauliza: "Nusu ya chapati na hiyo 2/5 ya chapati uliyopata, ipi kubwa?" Mtoto anafikiri, pengine anachora. Akizikata chapati mbili zinazolingana, anaona kwamba mbili ya tano haifiki nusu. "Sawa. Ulikuwa na nusu, nikakuongezea theluthi nzima, ukabaki na pungufu ya nusu. Imekuwaje?" Hapo mtoto anacheka mwenyewe. Ameona kosa kwa macho yake, hakuambiwa. Baada ya hapo ukimletea habari ya asili za sehemu kulingana, anaipokea kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji, maana ameshajua kwa nini anaihitaji.

Na mwalimu huyu wa pili akiwa mwerevu, atauliza jambo jingine: mtoto huyu anajua nini tayari? Watoto wetu wengi wamepita madrasa, na wale wakubwa wameonjeshwa mirathi. Mtu amefariki akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumni, mama ana sudusi, kijana anachukua kinachobaki. Mwanafunzi wa mirathi hawezi kugawa kitu hapo mpaka apate namba inayogawika kwa 8 na kwa 6. Namba hiyo ni 24. Mke 3, mama 4, kijana 17. Hiyo ndiyo KDS ile ile inayomtoa jasho shuleni! Ustadhi ameifundisha, mwalimu wa shule ameifundisha, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ni kitu kimoja. Aljebra yenyewe ina nasaba hiyo hiyo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad karne ya 9 na ambaye kitabu chake ndicho kilicholipa somo hilo jina, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi. Mtoto aliyeonyeshwa jambo hili haoni tena kwamba Hisabati ni mali ya watu wengine.

Mfano tunao nyumbani

Katika kutafuta mwalimu bora tunahangaika kama vile jambo hili ni geni kwetu. La hasha. Tazama namna Qur'an inavyofundishwa katika vyuo vyetu vya pwani na mijini tangu zamani za ubao na wino. Watoto wanaweza kuwa thelathini chini ya mwembe mmoja, lakini kila mmoja ana mahali pake. Huyu yuko alif na be, yule Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Kila mtoto anakwenda mbele ya mwalimu wake na kusikilizwa yeye peke yake. Akikosea anarudishwa, anakwenda kudurusu, anarejea kesho. Hahamishwi sura kwa sababu wenzake wamehama, wala kwa sababu muhula umekwisha. Anahama akishaimudu.

Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa na mwalimu wake mwenyewe, na akawa haendelei mbele mpaka ameshika kilichotangulia, hufikia kiwango cha wale wachache wanaoongoza darasani. Watafiti waliofuata waliona kwamba faida ipo lakini si kubwa kama alivyoikadiria yeye. Mapitio yaliyofanywa mwaka 2020 ya tafiti 96 yalithibitisha kuwa kufundishwa mmoja mmoja au wachache wachache kunasaidia kwelikweli, na kwamba walimu waliosomea kazi na wasaidizi waliofunzwa huleta matokeo mazuri kuliko wanaojitolea na kuliko wazazi wenyewe. Dunia imetumia fedha nyingi kuthibitisha ambacho mwalimu wa chuo cha Qur'an alikuwa akikifanya kwa sadaka ya Alhamisi.

Lakini tuwe wakweli. Katika baadhi ya vyuo hivyo ilikuwepo pia bakora, na matusi, na hilo si la kuigwa. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipozitaja kazi za mwalimu katika Ihyaa, aliweka mwanzoni kabisa huruma: awaone wanafunzi kama wanawe. Akaongeza kwamba kosa la mwanafunzi lirekebishwe kwa kuashiria na kwa upole kadiri inavyowezekana, si kwa kumuumbua, na kwamba afundishwe kwa kadiri ya ufahamu wake. Mzazi anayemwambia mwalimu wa tuisheni "huyu mchape tu, mimi nimekuruhusu" amelipa fedha kuharibu alichokusudia kujenga. Mtoto anayeogopa kofi hakuonyeshi asichokijua. Atakificha, na kilichofichwa hakifundishiki.

Tumtafute wapi

Mtu wa kwanza ambaye wazazi humfikiria ni mwalimu yule yule wa darasani. Hapa nashauri tahadhari. Wapo waadilifu, tena wengi, wanaobaki na watoto baada ya kengele bila kudai senti. Lakini mwalimu akishalipwa jioni na watoto wale wale anaowafundisha asubuhi, ameingizwa katika mtihani. Somo lililopaswa kumalizika saa nne asubuhi linaachwa nusu "tutamalizia kule", na asiye na fedha ya kule ameonewa. Hata mwalimu mwema si vizuri kumweka katika kishawishi hicho. Mtumie kwa jambo jingine: muulize amemuonaje mtoto, na nani anamwamini kwa kazi hiyo.

Walio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni walimu wastaafu. Karibu kila mtaa wa Magomeni, Temeke, Tanga au Mombasa una mzee au bibi aliyefundisha darasa la nne miaka thelathini, sasa ameketi barazani anasoma gazeti. Watu hawa wana subira, wameshaona kila aina ya kosa, na aghalabu hawana haraka. Wanachohitaji ni kupewa vitabu vipya, kwa sababu mitaala ya Tanzania ilianza kubadilishwa Januari 2024 na si kila waliyoyafundisha yako pale yalipokuwa.

Wanafuata vijana. Mwanafunzi wa chuo kikuu, hasa wa ualimu, ni chaguo zuri. Tusiwasahau pia waliomaliza Kidato cha Sita mwezi Mei, wanaosubiri chuo mpaka Oktoba au Novemba, wale wasiokwenda JKT. Miezi yote hiyo wako vibarazani na simu. Kijana huyu anakumbuka bado yeye mwenyewe alikwama wapi, na hilo ni hazina. Upungufu wake ni kwamba anaweza kujua sana na asijue kufundisha. Aliyepata A bila kuhangaika wakati mwingine hawezi kabisa kufahamu kwa nini mwenzake haoni. Mwenye B aliyoipigania huwa anafundisha vizuri zaidi.

Kuna na lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza, fizikia na bailojia zote zinakuwa Kiingereza. Mtoto huyu anaweza kuijua kani, anaweza hata kukueleza kwa nini kisu kikali kinakata kuliko butu, lakini swali likiulizwa kwa Kiingereza anakaa kimya. Mwalimu wake asiwe mtu wa kuringa na Kiingereza. Amweleze kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha ampe majina ya Kiingereza moja baada ya jingine, amwandikishe sentensi, amsikilize akizisema. Huyo anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na mzazi aijue kazi hiyo asiione kuwa ni kuchelewesha mada.

Kipindi cha kwanza mzazi akae

Usikubaliane na mtu kwa simu ukamwachia mtoto. Mwite kwa kipindi kimoja cha majaribio, umlipe, na wewe ukae pembeni na kahawa yako. Huna haja ya kujua Hisabati ili uone mambo haya. Tazama kalamu iko kwa nani. Ikiwa saa nzima kalamu iko kwa mwalimu, umeleta kituo nyumbani. Sikiliza nani anazungumza zaidi. Tazama zaidi ya yote sekunde zile tano baada ya mtoto kukosea: je, mwalimu anaguna, anafuta na kuandika yeye, au anasema "hebu nieleze ulifikaje hapo"? Neno hilo la mwisho lina thamani kuliko cheti. Na likija swali asilolijua, atasema "hili sijui, nitaliangalia", au ataanza kuzungukazunguka?

Anayeanza kwa kuahidi A mshukuru na umsindikize. Anayekunong'oneza kwamba "ana watu" na atapata maswali kabla ya mtihani, huyo usimsindikize hata hatua moja. Huo ni wizi, na mtoto akishaonyeshwa na mzazi wake kwamba elimu inaibiwa, hujui utamfundisha nini tena.

Baada ya wiki chache usimuulize mtoto "umeelewa?" Watoto wote wameelewa. Mwambie amfundishe mdogo wake, au akufundishe wewe. Na mwalimu umtake kila mwisho wa mwezi akwambie kitu kimoja alichokuwa hakiwezi na sasa anakiweza. Akikujibu "anaendelea vizuri tu", hajui anaendelea wapi.

Mlango uwe wazi

Hili nalisema bila kupaka mafuta, kwa sababu tunalionea haya na watoto wanaumia. Mwalimu wa nyumbani anapewa nafasi ambayo haipewi karibu mtu mwingine yeyote asiye wa ukoo: muda mrefu, mara kwa mara, na mtoto mmoja. Wengi ni waaminifu. Lakini mwenye nia mbaya anaitafuta nafasi hiyo hiyo, na hujionyesha mpole kuliko wote.

Sisi dini yetu imeshatufunga kwenye jambo la faragha ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu, na binti wa Kidato cha Pili ni mwanamke. Ajabu ni kwamba mzazi asiyekubali binti yake apande bodaboda na kijana wa mtaani, anamwachia chumbani saa mbili na mtu aliyemjua wiki iliyopita kwa sababu tu ameitwa mwalimu, au kwa sababu ameitwa ustadhi. Kanzu si cheti cha uadilifu. Na tusidhani wavulana wako salama, hawako.

Utaratibu ni rahisi. Somo lifanyike sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima akiwepo nyumbani. Kwa binti, mwalimu wa kike akipatikana ndiyo bora, na wapo tukiwatafuta. Asiyekuwa na sebule ya kutosha afanye kwa jirani au katika darasa la madrasa wakati watu wapo. Mwalimu asiwe na mawasiliano ya siri na mtoto kwa simu usiku. Akiwa na ujumbe apitishie kwa mzazi. Muulizie kwa watu wawili aliowafundishia watoto, uwapigie kweli. Na mtoto akisema "simtaki yule mwalimu", usimjibu kwamba ni uvivu mpaka umemuuliza taratibu, mkiwa wawili, kwa nini. Likigundulika jambo, lisimalizwe kwa vikao vya wazee na kusitiriana. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto. Anayesitiriwa hapa kesho atakuwa sebuleni kwa mwingine.

Fedha na muda

Wengi watasema haya ni ya wenye uwezo. Tupige hesabu, kwa bei za mfano tu. Tuseme kituo kinatoza shilingi 1,000 kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwezi ni 20,000. Tuseme mwalimu wa nyumbani anataka 15,000 kwa kipindi cha saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Mwezi ni 120,000. Ni kweli, wengi hatuziwezi. Lakini wazazi watatu wa mtaa mmoja wenye watoto wa kiwango kimoja wakiungana, kila mmoja anatoa 40,000, na watoto watatu mwalimu bado anawasikiliza mmoja mmoja. Wakikubaliana iwe mara moja kwa wiki, ni 20,000, sawasawa na kituo. Mimi ningechagua saa moja na nusu ya kusikilizwa kuliko jioni tano za kunakili. Angalizo moja: wawe wa kiwango kimoja kweli, si wa darasa moja tu. Wa kwanza na wa mwisho wakiketi pamoja, mmoja atajibu yote na mwingine atarudi alikozoea.

Na asiyeweza hata hiyo, msikiti upo. Jumamosi asubuhi madarasa mengi ya madrasa yako tupu. Wastaafu wawili na vijana wanne wa Kidato cha Sita wanatosha kuanzisha kitu, na hilo halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji chaki na mtu wa kufungua mlango.

Mwalimu alipwe kwa wakati. Hadithi ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake tunaijua sote, lakini tunaikumbuka kwa fundi wa kujenga ukuta na kuisahau kwa mwalimu.

Kuhusu muda, tuwaonee watoto huruma. Anatoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala, anarudi saa 10 alasiri, anakwenda madrasa mpaka magharibi. Ukimwekea tuisheni kila siku baada ya hapo unamfundisha kusinzia. Wengi wanatatua hili kwa kumtoa madrasa anapofika darasa la saba. Nadhani wanakosea, na si kwa sababu za dini peke yake: pale madrasa ndipo mahali ambapo pengine mtoto yule bado anasikilizwa peke yake, na anajua kwamba kuna kitu anakiweza. Vipindi viwili kwa wiki vinatosha, kimoja mwisho wa wiki asubuhi akili ikiwa imepumzika. Siku zilizobaki ampe nusu saa ya mazoezi aliyoachiwa, alale mapema.

Kama baada ya miezi miwili mtoto bado anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, zungumza na mwalimu, na ikibidi mwagane kwa heshima. Lakini ikiwa kazi imekwenda vizuri, mwalimu mwenyewe ndiye atakayeanza kukwambia kwamba anahitajika kidogo kidogo. Mtoto akishaweza kukaa saa nzima na kitabu peke yake, na lililomshinda akaliandika pembeni aje aliulize badala ya kufunga daftari, basi vipindi vipunguzwe viwe kimoja kwa wiki, kisha kimoja kwa mwezi. Fedha itakayobaki ikamnunulie mdogo wake vitabu vya darasa la tano, kabla sehemu hazijampita na yeye.